Ile Fremu ya Uzi Mwekundu

Sasa hiyo meza ya kuchapia ya baba yako usiiuze kwanza, mwanangu, na yule fundi mwenzako usimwahidi kitu mpaka usikie yangu. Mke wako hapa anasema nimeruka salamu, barua haianzi hivyo. Haya, mwandikie. Hujambo, baba? Kifua kimepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo limezoea kulalamika, na kichwa changu pia, maana siku hizi sielewi hata nilianzia wapi.

Barua yako ilifika, mke wako akanisomea. Alisoma yote, hata pale uliposema mikono yake ni ya kufulia tu, na kwamba vile vitambulisho vya kushonwa kwenye kola tunavyomchapia mama fundi cherehani vikiharibika tena, karakana unampa huyo fundi mwenzako na mkeo akae nyumbani. Alipasoma bila hata kukohoa. Kisha akakunja karatasi, akaenda kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi.

Mwanangu, huyu hajakosea. Ulimwambia achukue fremu yenye uzi mwekundu, ile ya wavu laini, apake nyembamba ile dawa inayoganda kwa mwanga wa taa, mara moja kila upande. Kapaka. Herufi zikatoka na meno kama msumeno. Ukamwambia aongeze dawa. Kaongeza, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa nene kama ngozi ya kisigino changu, akamwagia maji mpaka mgongo ukamuuma, na vijitundu vya herufi ndogo vikagoma kufunguka. Ukasema dawa imekufa, akanunua nyingine. Ukasema taa iko karibu, akaisogeza. Mimi niko mlangoni kwenye kigoda changu, namwona anazunguka na fremu kama kuku anayetafuta pa kutagia, na nimenyamaza.

Baba yako namba za wavu hakuwa na habari nazo. Alikuwa anapitisha ukucha. Wavu laini unalia kama mbu, wavu mpana unakwaruza kama mtu anachana nywele kavu. Mpana, alikuwa akisema, unataka ushibe dawa, maana nyuzi zake zina mabonde, na hata ukishiba herufi ndogo hauziwezi. Laini nao ukiushibisha unakuwa kiziwi. Basi yeye anapaka huku anaimba, na sauti yenyewe unaikumbuka, majirani walikuwa wanafunga madirisha, lakini hilo si la leo. Fremu nilikuwa naziosha mimi. Ukucha wangu unajua.

Sasa wewe binti, andika hili kama ninavyolisema, na usinitazame.

Hiyo yenye uzi mwekundu siyo. Uzi niliuhamisha mimi, nikaufunga kwenye fremu ya wavu mpana. Niliwaambia fremu moja ya wavu mpana imepasuka nikaitupa, kumbe hakuna iliyopasuka, ni ile laini yenyewe niliyoificha. Iko nyuma ya kabati langu, nimeifunga shuka.

Siku ile baba yako alipotutoka, asubuhi yake alikaa akaandika kitu kwa mkono wake kwenye plastiki, akakichoma kwa taa kwenye fremu hiyo, akaiosha, akaisimamisha ikauke. Nikamuuliza ni kazi ya nani. Akaniambia nisiwe na haraka, nitaona ikichapwa. Mchana alijilaza, na kuamka hakuamka. Baada ya msiba ukasema fremu zote zifutwe dawa, kazi iendelee. Zile nyingine nilizifuta. Hii mkono ulikataa.

Nikiisimamisha dirishani, jua linapita, maandishi yanaangukia ukutani. Mistari minne. Mimi herufi naijua moja tu, ile iliyokaa kama kiti, na humo viti viko vitatu. Zaidi ya hapo sijui. Wala sikumuuliza mtu, maana huenda anasema na mimi, na huenda ni tangazo la mtu wa sabuni. Nisipojua, inabaki yangu. Nikijua, sijui. Unaona nilivyochanganyikiwa. Nilidhani nimeficha fremu tu, kumbe nimemfanya huyu mkeo aitwe hana mikono, na vitambulisho vinatakiwa Ijumaa.

Mke wako ameacha kuandika. Nilidhani ananikasirikia, na haki anayo. Ameinuka, ameuliza kabati lipi, ameenda, amerudi. Anasema ameipitishia ukucha chini ya shuka na inalia kama mbu. Hakuifungua. Anasema baba yako aliniahidi nitaona ikichapwa, basi tuichape kwanza, mara moja, kwenye kitambaa nitakachochagua mwenyewe, halafu anisomee, polepole, halafu ndiyo aifute na kupakia kazi ya watu. Hata ikiwa ya sabuni, nimemuuliza. Anasema hata ikiwa ya sabuni.

Hayo ya mikono utamwomba radhi yeye, si mimi. Wasalimie unaokaa nao, na kifua kifunike. Nilikuwa na mengine, lakini wino umeshakorogwa na huyu ananiita niende kuchagua kitambaa, na kalamu ni yake, akiiweka chini nami nimekwisha. Ngoja nishike ukuta niinuke. Mama yako anakwenda.