Koili ya Baba na Mzunguko wa Saba

Jumanne, 2 Juni 1998
Waya umekatika tena. Mara ya tatu leo. Namtengenezea Baba mashine ya kusukia koili, ila mota niliyoing'oa kwenye printa mbovu ya ofisini inaanza kwa kushtuka, na waya wenyewe ni mwembamba kama unywele.

Baba kaokota vipande. Miaka thelathini anasuka koili hapa mjini, anaviringisha waya kwa mkono mzunguko kwa mzunguko. Siku hizi akifika mzunguko wa mia, mkono wa kulia unaanza kutetemeka. Koili ya mteja wa Kibaigwa, ya swichi ya mashine ya kusaga, inataka mizunguko elfu tatu. Baba amesema ikishindikana anafunga duka, anahamia kijijini Zuzu kwa baba mdogo. Nimekasirika. Baba wa kukaa Zuzu? Atagombana hata na mbuzi.

Alhamisi, 4 Juni
Saa ya chakula nimebaki na kompyuta ya ofisi. Programu mpya, nikaiingiza kwenye chipu inayoiongoza mota. Mota ianze polepole, kisha kila mzunguko uchukue muda mfupi kuliko uliotangulia, ukipungua kwa kiasi kile kile. Nilijiona mjanja.

Jioni dukani: mwanzo ikajikokota kama bibi harusi. Mwishoni ikachomoka. Waya, kwaheri. Muda ukishakuwa mfupi, kuupunguza kwa kiasi kile kile ni kuirusha mota. Mjinga mimi. Baba kacheka mpaka kofia ikadondoka.

Jumamosi, 6 Juni
Nimemwomba Baba azungushe ile mashine yake ya mpini. Mizunguko ishirini tu, kama anaanza kazi. Huwa anahesabu kwa sauti, Subhanallah moja kila mzunguko. Kila akitamka, mimi nabonyeza saa ya kupimia mbio niliyoazima kwa mwalimu wa michezo.

Kwa jumla muda unashuka haraka mwanzoni, halafu kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu unatulia. Hajawahi kufundishwa na mtu. Nimezitazama namba hizo nikataka kulia. Nampenda mzee huyu na sijui namna ya kumwambia.

Jumatatu, 8 Juni
Nimeziingiza namba zote ishirini kama zilivyo. Baina ya moja na nyingine mota inabadilisha mwendo kidogo kidogo, na baada ya ile ya ishirini inashika mwendo ule ule. Waya haukukatika!

Lakini mzunguko wa saba inasita. Waya unalegea, unapanda juu ya mwenzake. Kila mara, wa saba tu.

Jumanne, 9 Juni
Nimelehemu upya. Nimebadilisha transista. Nimebadilisha hadi meza. Wa saba, inasita.

Mteja anakuja Jumamosi. Baba kaanza kupanga koleo zake kwenye boksi. Nimemjibu vibaya alipouliza kama nimekula. Naona aibu.

Jumatano, 10 Juni
Nimemwomba radhi. Akaniambia niiwashe mashine, akafumba macho, akasikiliza. Niiwashe tena. Tena. Kisha akafumbua.

"Zuhura mama, siku ile nilikohoa."

Nilikaa chini sakafuni. Siku mbili nimebomoa na kujenga, kumbe mashine haina kosa, inamwiga Baba na kikohozi chake. Tumecheka mpaka jirani wa cherehani akaja kuuliza kuna nini. Namba ya saba nimeifuta, nikaweka iliyo katikati ya namba ya sita na ile ya nane.

Jumamosi, 13 Juni
Mizunguko elfu tatu. Waya mzima. Mteja kaipima koili, kaichukua, kamshukuru Baba. Baba akanionyesha mimi kwa kidole. Hakutaja Zuzu. Mimi nikaogopa kuuliza.

Jumatatu, 15 Juni
Leo kulikuwa na upepo na vumbi. Nimetoka kazini nikapitia dukani, nikidhani nitakuta kufuli.

Mlango wazi. Koleo zimerudi ukutani. Baba alikuwa ameiwasha mashine mwenyewe, ameinama, anauongoza waya kwa vidole viwili, na midomo inahesabu pamoja nayo. Hakuniona. Nimesubiri nje mpaka koili ikaisha, ndipo nikaingia kumwamkia.