Ajuza wa Jumatatu na Alhamisi

3 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Sisi hatujambo, ila miguu ya mama imevimba kidogo. Hofu yetu ni wewe huko gerezani na kile kikohozi chako. Je, kimepungua?

Naandika kwa sababu ya gari lako. Ajuza amegoma. Asubuhi nikimwasha anakohoa kama wewe kisha ananyamaza, mpaka majirani watoke kusukuma. Akikubali kwenda, kwenye kilima cha hospitali anachemsha, nasimama kumwagia rejeta maji huku mama ananicheka. Unajua mama anatakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumatatu na Alhamisi saa mbili, na tukichelewa kitanda anapewa mwingine. Fundi Kidole wa gereji ya jirani amejitolea kumtazama Ajuza. Nimekataa, maana uliniapisha mtu asimguse. Nifanye nini?

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Barua zinapita kwanza kwa afisa anayezisoma, ndiyo maana zinachelewa. Kikohozi kimeisha. Mwambie mama apunguze chumvi, na asijifanye hasikii.

Ajuza ana miaka ishirini na mitatu, mvumilie. Kutowaka asubuhi ni betri. Pale nyaya zinapofungwa utaona unga mweupe. Fungua kwa spana namba kumi, osha kwa maji ya moto, kausha, kaza. Kuhusu kuchemsha, angalia mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa na ufa, nunua mpya. Kidole asimguse. Namjua yule, atatoa vipuri vizima aweke vibovu. Wewe tazama dashibodi tu. Likitokea jambo la hatari, taa nyekundu itawaka. Isipowaka, endesha bila wasiwasi.

Imebaki miezi kumi na mmoja. Injini moja tu ya wizi niliyoinunua bila kuuliza maswali, ona ilikonifikisha. Nakaa hapa natengeneza magari kichwani.

Kaka yako

8 Machi

Kaka,

Hatujambo, na natumaini nawe u mzima. Kucha zangu bado nyeusi, lakini Ajuza sasa anawaka mara moja. Mama amewatangazia wagonjwa wenzake kwamba binti yake mshona nguo amekuwa fundi magari, na nesi mmoja ameshaniletea malalamiko ya pikipiki yake.

Ila huyu bibi Ajuza anakula pesa. Baada ya mpira wa rejeta zilifuata pedi za breki, ikafuata tairi ya mbele iliyolika upande mmoja, na bima nayo inakwisha mwezi huu. Nimeuza cherehani ya pili. Mama hajui, nawe usimwambie.

Sasa kuna kelele mpya, tok tok tok kwenye injini, na moshi wa buluu nyuma. Kidole aliisikia tukipita akanisimamisha. Akasema hiyo ni oili, nifungue boneti. Nikamjibu kuwa taa haijawaka. Alinitazama, akafuta mikono, akarudi gereji. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini neno lako kwangu ni amri.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Samahani, leo siulizi hali. Jibu lako sijalipata lakini siwezi kusubiri. Nilikuwa nafua nguo asubuhi, nikakumbuka. Balbu ya taa ya oili niliitoa mwenyewe. Mwaka juzi ilikuwa inawaka ovyo, ikanikera, nikaitoa, nikawa napima oili kwa kijiti kila Jumapili. Mimi nilijua. Wewe hukujua, nami nikakwambia utegemee taa ambayo haipo.

Usiwashe gari. Mwite Kidole, mwambie namwomba radhi, apime oili kabla hujakwenda popote. Nimemsihi afisa wa zamu aitume barua hii leo hii. Amesema msomaji wa barua yuko likizo, zitasubiri.

Kaka yako

4 Aprili

Kaka,

Sisi tupo. Natumaini u mzima.

Barua yako ya tarehe kumi na tano ilifika Jumatatu, tarehe thelathini. Ajuza alikufa Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, katikati ya kilima. Kelele ilipanda, kitu kikagonga mara moja chini ya miguu yangu, usukani ukawa mzito, tukaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Mama alinishika mkono. Tulikaa ukingoni mwa barabara hadi saa tano, na kitanda chake kikachukuliwa.

Kidole alikuja na kamba kutuvuta, hakudai chochote. Alichomoa kijiti cha oili, kikavu, akanionyesha, akakirudisha taratibu. Injini imeshikana. Nyingine, hata iliyotumika, ni ghali kuliko gari zima.

Nilikuchukia kwa siku tatu, kaka. Nakwambia ili ujue. Sasa imepita, nimebaki na uchovu tu. Tunapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na mama akitoka kwenye mashine hawezi hata kusimama. Jumatatu alitapika kituoni mbele za watu, akalia. Sijawahi kumwona mama akilia.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Pole sana, na mama pia. Sijui niombe radhi kwa maneno gani. Ulikuwa na haki ya kunichukia. Uza Ajuza kama chuma chakavu, uza na sanduku langu la spana, lote, umkodie mama teksi.

Haya msomee yeye.

Mama, shikamoo. Ni mimi niliyekuacha kwenye kile kilima. Nakuomba usikate tamaa kwa ajili ya ujinga wangu. Panda chochote, hata mkokoteni. Nipe miezi tisa tu, nitoke, nitakubeba mgongoni.

Kaka yako

6 Mei

Kaka yangu,

Mama anasema marahaba. Anaulizia kikohozi, nimemwambia kimeisha.

Spana alizinunua Kidole, kwa bei ya huruma. Pamoja na chuma cha Ajuza zilitupa teksi ya wiki moja.

Nilimsomea mama maneno yako mara mbili, ya pili aliomba mwenyewe. Pale pa mgongoni alicheka, akasema wewe hata ndoo ya maji uliimwaga njiani. Kisha akasema nikuandikie hivi: "Mwambie sina kinyongo naye. Njia ndiyo imenichosha."

Alhamisi iliyopita hakwenda. Juzi Jumatatu hakwenda. Leo uso umevimba na pumzi ni fupi. Daktari amesema asipofika kesho, huenda hatafika tena. Mama ameniomba kesho nimwache alale kitandani kwake, na ameniomba kwa lile jina aliloniita nikiwa mdogo. Nikimbeba kwa nguvu atakwenda, hana uwezo wa kunizuia. Nikimwacha, ndiyo nimemwacha.

Niambie nifanye nini, kaka. Wewe ndiye mkubwa. Kesho ni Alhamisi, na barua hii utaisoma baada ya wiki mbili.

Mdogo wako