Mpini wa Upande Wako

Nyumbani kwa mama,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa shemeji yangu Mluzi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko anazostahili mtu aliyekaa kimya namna hii. U hali gani? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Unakula, au unaonja tu na kusogeza sahani? Binti yako ananiambia kwamba suruali zako zote siku hizi hazikai bila mkanda. Sisi huku hatujambo. Mama macho yamepungua, lakini ulimi haujapungua hata kidogo. Mimi goti linanisumbua nikipanda ngazi, nikishuka linatulia.

Tangu dada yangu atutoke hujaniandikia hata mstari mmoja. Nilidhani ni majonzi, nikakuacha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisikia upepo unagonga mlango wa uani nainuka kabisa, nikidhani mkeo amekuja kututembelea. Namkosa sana, shemeji. Na linaloniuma zaidi ni kwamba goti hili na zile karatasi za mpakani zilinizuia kuwahi mazishi, ukasimama kaburini bila mtu wa kwetu hata mmoja pembeni yako.

Juzi ndipo binti yako aliponieleza. Nilimuuliza, "Baba yako ana nini na sisi?" Akasema, "Mjomba, baba anasema kwenu alikuwa mtu kwa ajili ya mama. Sasa mama hayupo, aje kama nani? Anasema mtamwona yule askari tu." Sikufichi, nilikasirika. Nilikata simu bila kuaga, ikabidi nipige tena kumwomba radhi mtoto ambaye hana kosa lolote.

Sasa kaa kitako nikukumbushe, maana naona umesahau nani alitangulia.

Mimi nilikuwa mateka na wewe mlinzi wetu, pale kambini tulipokuwa tukikata magogo kwa ajili ya jeshi lenu. Mwenzangu wa upande wa pili wa msumeno aliugua, na mkubwa wako hakutaka kusikia habari za ugonjwa, alitaka magogo. Basi ukaegemeza bunduki kwenye mti, ukashika mpini wewe mwenyewe. Na ukasukuma. Msumeno ukapinda, ukakwama. Nikasahau mimi ni nani na wewe ni nani, nikakufokea: "Usisukume, wewe! Vuta, halafu niachie na mimi nivute." Wenzangu wote waliacha kazi wakatazama chini. Wewe ukafuta jasho, ukasema, "Haya, nionyeshe tena."

Jioni ile ile ukatupanga mstari, ukatuongoza kurudi huku unapiga mluzi wako, na bunduki umeiacha palepale kwenye mti. Mimi ndiye niliyeiona. Niliizungushia gunia pamoja na msumeno, nikaibeba begani, nikakukabidhi nyuma ya stoo. Wangeikuta kwangu wangenimaliza, na wangeikosa kwako wangekumaliza wewe. Uliipokea umebadilika rangi, wala hukusema asante. Kesho yake mwenzangu alikuwa amepona, lakini wewe ulishika mpini tena.

Watu huniuliza kwa nini sikukimbia nayo ile bunduki. Nadhani nilikuwa nimeshaizoea mikono yako. Ukikata na mtu kutwa nzima unamjua, unajua amechoka, unajua ana mawazo, na hamjasemezana neno.

Wakati wa yote hayo, shemeji, dada yangu alikuwa hajui hata kama umezaliwa. Yeye alikuona mara ya kwanza vita vilipokwisha, ulipobisha hodi hapa na ule msumeno begani, umeuleta kutoka kwenu kwa sababu ulisikia nimerudi na sina kazi. Alikuja kuniita jikoni akasema, "Kaka, kuna mtu wa ng'ambo mlangoni na msumeno mkubwa, sijui amekuja kumkata nani." Ulisema utakaa siku mbili. Ukakaa mpaka majirani wakaanza kuuliza hizo kuni zilizojaa nyumba nzima ni za nini. Mimi nilijua kabla yako. Dada akipita uani ulikuwa unasukuma tena, kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo hukuja kwetu kwa mlango wa dada. Yeye ndiye aliyekukuta kwangu.

Nikuambie na habari ya hapa. Ule mti mkubwa wa uani umeangushwa na upepo, ule ambao dada alikuwa akifungia waya wa kuanikia nguo. Umelala toka uani mpaka dirisha la mama. Alikuja kijana mwenye msumeno wa mashine, akauzunguka, akakuta ule waya umemezwa na gome, umeingia ndani kabisa. Akasema mnyororo wake utakatika, akaondoka zake. Msumeno wa mkono ungeweza, maana ukigusa chuma mikono inasikia na mnasimama. Lakini unataka watu wawili wanaosikilizana. Nilijaribu na jirani, fundi wa viti. Anasukuma.

Mama anataka kipande kirefu cha ule mti kikae mlangoni, awe anakikalia jioni. Nilimwambia nitatafuta mtu. Akasema, "Mtu yupo. Mkwe wangu ataukata." Ikabidi nimwambie ulichomwambia binti yako. Akasema, "Nimefiwa na mmoja. Huyu mwingine yu hai, mbona anajifanya naye amekufa? Mwambie aje anieleze mwanangu alilala vipi siku zile za mwisho. Nani mwingine anajua?"

Nami sina la kuongeza, ila kwamba kila siku naruka lile gogo kwenda bafuni, na goti lenyewe unalijua.

Nisalimie sana binti yako, mwambie mjomba hamkatii simu tena. Msalimie na mdogo wako fundi saa, na yule shangazi yako anayeniita adui mpaka leo huku akinijazia sahani. Mama anakusalimu. Fundi wa viti pia, na anasema mgongo bado unamuuma. Mungu akupe usingizi, shemeji, na akuondolee upweke ndani ya nyumba hiyo.

Msumeno nimeunoa. Mpini wa upande wangu ulikuwa umechakaa nikaubadilisha, wa kwako nimeuacha vilevile, na alama ya vidole vyako bado ipo. Mimi kwa barua hii nimeshavuta, na sasa nakuachia. Vuta na wewe.

Shemeji yako na mateka wako, nikusubiriye upande wa huku,

Msumari