Pumzi Kwenye Spika ya Kushoto

3 Machi

Kiherehere wangu,

Hujambo? Kikohozi kimeisha, au bado unakunywa maji ya barafu kwa ubishi? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua.

Kompyuta uliyonitumia imefika. Jirani kanionyesha pa kubonyeza, wimbo wa marehemu mama yako ukatoka, safi kabisa. Lakini mwanangu, pumzi yake iko wapi? Kwenye CD, kabla ya neno la kwanza, anavuta pumzi, spika ya kushoto. Kwenye kompyuta anaanza ghafla tu, kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Na usiniambie masikio yamezeeka! Miaka arobaini nimetengeneza redio za watu.

Deki yangu ya CD imechoka lenzi, na lenzi zake hazipatikani tena. Ikifa hii, nimempoteza mara ya pili. Nitafutie faili lenye pumzi.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimeisha, maji ya barafu bado. Goti lipake dawa, acha ukaidi.

CD niliinakili yote bila kuibana ili ipungue ukubwa. Nimelinganisha tena hapa kazini na nakala yangu ya CD, sekunde kwa sekunde, na sauti ni ileile. Pumzi haipo kwenye kompyuta kwa sababu haipo hata kwenye CD.

Najua kwa nini. Siku ile ya kurekodi studio, wewe ulikuwa nje unatafuta teksi. Mapafu ya Mama yalikuwa yamekwisha, kila pumzi inakwaruza. Niliona haya watu wasikie, nikamwambia fundi mitambo azikate zote. Mama alinitazama tu. Miezi miwili baadaye tukamzika. Miaka tisa nimelificha hili, Baba. Nisamehe.

Weka simu yako mbele ya deki, urekodi hicho unachokisikia, unitumie.

Mwanao

21 Aprili

Baba,

U mzima? Mwezi mzima kimya. Nitukane basi, ila andika.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, sikuwa mgonjwa. Nilikasirika, tena sana. Nikaifunika deki kwa kitambaa, sikutaka hata kuiona.

Halafu nikakumbuka ile teksi. Niliipata mapema, mwanangu. Nilikaa ndani yake nusu saa nzima kwa sababu sikutaka kuzisikia pumzi hizo. Basi tuko wawili, na mimi sina ubavu wa kukuhukumu.

Jana nimefunua deki. Rekodi nimekutumia kwenye simu.

Baba yako

11 Juni

Shikamoo Baba mpendwa,

Nimelia kwa barua yako mpaka wenzangu kazini wakaniuliza nimefiwa na nani.

Rekodi nimeisikiliza kwa hedifoni. Pumzi ipo! Mwili ulinisisimka. Nikairudia, nikairudia, mpaka nikaitambua. Ni yako, Baba. Unavuta pumzi kabla hajaanza, vilevile ulivyokuwa ukifanya ukimpigia gitaa, ili muingie pamoja. Unafanya bila kujua. Usihuzunike. Nimeihifadhi, sitaifuta.

Mwanao

20 Juni

Kiherehere wangu,

Natumaini hujambo. Barua yako ilinichekesha, kisha ikaniliza. Nikasema sawa, mtoto kanishinda, lakini fundi ni lazima ajaribu mwenyewe.

Jana mchana nilifunga madirisha, nikabonyeza deki, nikabana pumzi. Mdomo na pua nimeviziba kwa kiganja mpaka wimbo ukaanza.

Nimemsikia, mwanangu. Spika ya kushoto. Tena si ile laini niliyoizoea, maana hiyo nakubali ilikuwa yangu. Hii ilikwaruza. Ndiyo ile niliyoikimbia nikajificha kwenye teksi, na wewe ukaikata. Safari hii sikukimbia, nilikaa mpaka wimbo ukaisha.

Simu ya kurekodi sikuiweka. Niliogopa utaniambia hakuna kitu.

Lenzi imeanza kuruka, leo imegoma mara tatu. Omba likizo uje upesi. Kiti chako nimekiweka upande wa kushoto.

Baba yako