Mkono Niliouona Kwenye Lenzi Ndefu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 14 Machi, kuanzia saa nane mchana.

Shahidi: Mwanamke wa miaka 41, anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Lenzi. Jina la kitambulisho liko jaladani.
Kazi: Muuzaji, duka la kamera.
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya shule ya msingi, pamoja na mume na watoto wawili.

Shahidi ameonywa aseme kweli tupu. Amesema ameelewa, na kwamba hakuja kupiga porojo.

Nimekuja hapa mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu mwanamke mmoja mmemweka ndani kwa kumsukuma mtu kutoka ghorofani, na mimi nilimwona. Hakusukuma. Afande ameniambia nieleze jambo moja baada ya jingine na nisirukeruke. Nitajitahidi, lakini nina wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi mdomo wangu hauna breki. Mume wangu ni shahidi wa hilo.

Mnamo tarehe ya leo asubuhi nilifungua duka kama kawaida. Duka letu liko ghorofa ya kwanza, na dirisha letu kubwa linatazamana na jengo la maofisi lililo ng'ambo ya barabara. Barabara yenyewe ni nyembamba, magari mawili yakikutana lazima dereva mmoja amwombe mwenzake radhi. Mteja wa kwanza alikuwa mpiga picha mmoja tunayemwita Bwana Harusi. Ameoa mara moja tu, ila kila wikendi yuko kwenye harusi ya watu, ndiyo maana.

Bwana Harusi amekuwa anakuja kwetu tangu mwezi uliopita kuchagua kamera. Anataka kuachana na zile za zamani zenye kioo ndani, zinazolia kila ukipiga, ahamie hizi mpya zisizo na kioo, ambazo ni nyepesi na zinapiga kimyakimya. Shida yake ni kukata shauri. Kuna bodi mbili, yaani kamera yenyewe bila lenzi, zinazomtoa roho. Moja ni nyepesi lakini ina nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha. Nyingine ina nafasi mbili, kadi moja ikigoma nyingine inabaki na picha, ila ni nzito. Nilimwambia, "Kaka, bodi utaibadilisha, lenzi utazeeka nayo. Anza na lenzi." Akaniambia, "Dada, kadi ikifa na harusi ya watu imo ndani, nitamjibu nini mama wa bibi harusi?" Nikamwambia basi chukua nzito. Akasema shingo yake haitaki. Tumekuwa tukizungushana hivyo hivyo mwezi mzima, hadi wenzangu dukani wakimwona wanakimbilia stoo na kuniachia mimi.

Leo nilitaka tumalize. Nilimpa ile bodi nyepesi na lenzi fupi ya milimita 35, ambayo inachukua eneo lote kwa mara moja. Mimi nikashika ile nzito nikiwa nimeifunga lenzi ndefu, ile ya 70 hadi 200, inayomvuta mtu wa mbali ukamwona kama mko meza moja. Tukasimama dirishani. Nilitaka kumwonyesha jinsi kamera inavyotafuta uso wa mtu yenyewe. Kwenye skrini ya nyuma kinatokea kisanduku cha kijani, kinakwenda kuganda kwenye jicho la mtu, na kila akisogea kinamfuata. Hicho ndicho kinachouza kamera siku hizi.

Hapa kuna jambo la kazini kwetu ambalo lazima nilieleze. Kamera za kuonyeshea wateja hatuziwekei kadi. Tuliwahi kuziweka, zikawa zinaondoka mifukoni mwa watu. Badala yake tunazitegesha zikubali kupiga hata bila kadi, ili mteja asikie kidole kinavyofanya kazi. Picha inajitokeza kwenye skrini mara moja, unaitazama, inapotea. Haibaki popote. Bwana Harusi yeye huja na kadi yake mwenyewe, anaichomeka, anakwenda kulinganisha picha nyumbani. Tunamruhusu kwa kuwa tumemzoea. Kwa hiyo leo kamera yake ilikuwa na kadi na yangu haikuwa nayo.

Kwenye roshani ya ghorofa ya pili ya jengo lile, juu kidogo ya usawa wetu, alikuwepo mfanya usafi anayeitwa Mama Pacha. Huyo ndiye mliyemkamata. Alikuwa anafuta vioo. Niseme mapema, mimi na Mama Pacha hatuongei. Maji yake machafu yalichafua bango letu, nikamwambia neno, naye akanirudishia mawili, na toka siku hiyo tukikutana kila mtu anatazama simu yake. Kwa hiyo asije mtu akasema nimekuja kumtetea shoga yangu.

Nilimlenga yeye kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Kisanduku kikamshika jicho vizuri. Kisha msimamizi wa lile jengo akatoka mlangoni, mzee mmoja mwenye shati la mikono mirefu la bluu, akaanza kumsemesha. Madirisha yetu yalikuwa yamefungwa, sikusikia. Nilichoona ni kidole cha yule mzee kikionyesha juu ya kioo, na mikono ya Mama Pacha ikisema nimeshafuta. Walikuwa wanazozana, hilo silifichi. Mzee alikuwa ametugeukia zaidi, hivyo kisanduku kikamwacha Mama Pacha kikamhamia yeye. Nikamwambia Bwana Harusi, "Unaona? Unaona kinavyomfuata?" Huku kidole changu kimekandamiza kitufe, kamera inapiga mfululizo.

Ghafla yule mzee akapanda juu, kichwa kikatoka nje ya fremu. Nilidhani ni mimi niliyeshusha kamera. Nikainua kidogo nikampata tena. Alikuwa amejinyoosha nje ya vyuma vya roshani, mkono wake mmoja unaelekea kwenye kioo cha pembeni. Halafu akayumba kwa nyuma. Nasema akayumba, na wakati huo Mama Pacha hakuwa amemgusa. Alikuwa hatua kama mbili kutoka pale, kitambaa kiko mkononi.

Alikitupa kile kitambaa akamrukia. Mkono wake wa kulia ulimshika mzee begani, akalikamata shati. Nililiona shati lile likivutika kumwelekea yeye, mshono wa begani umepanda mpaka shingoni, na vidole vyake vimefumba ndani ya nguo. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilijua anapiga kelele ingawa sikusikia kitu. Kisha vidole vikabaki vitupu, na kwenye fremu akabaki yeye peke yake. Yesu wangu, sikutaka kuamini nilichokitazama. Picha ya mwisho ilijitokeza kwenye skrini, ile ya ngumi na shati, nikaitazama mpaka ikapotea.

Tulishuka ngazi mimi na Bwana Harusi, sijui hata tulishukaje. Mzee alikuwa ameangukia turubai la kivuli la duka la viatu, turubai likachanika, akafikia chini. Alikuwa anapumua. Watu walimpakia kwenye gari la mtu aliyekuwa anapita wakamkimbiza hospitali. Nimesikia hajazinduka. Juu kwenye roshani watu walikuwa wamekwisha kumzunguka Mama Pacha, na sauti moja ikawa inarudiwarudiwa, "Kamsukuma! Walikuwa wanagombana, kamsukuma!" Nilimsikia na yeye mwenyewe akilia kwamba alimshika. Nani amsikilize?

Hapo ndipo Bwana Harusi alipogundua kwamba naye alipiga. Alikuwa ameinamia vitufe vya kamera yake; alipoinua macho akamwona mzee anaanguka, akashtuka akabonyeza, akapata picha moja. Akaiangalia, uso ukambadilika. Kijana mmoja pembeni yake akachungulia, akaipiga picha ile skrini kwa simu yake, na kabla hamjafika ninyi ilikuwa imeshasambaa mtaa mzima. Ndiyo hiyo mliyo nayo mezani, afande. Inaonyesha mzee yuko hewani, mgongo chini, na Mama Pacha juu, mkono umenyooka, kiganja wazi. Mtu yeyote akiitazama atasema kamsukuma. Hata mimi nisingekuwa nimeona la kabla yake, ningesema hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloninyima amani.

Nilimvuta Bwana Harusi kando nikamwambia, "Kaka, yule mama alikuwa anamshika."

Akasema, "Dada, picha hii hapa. Picha haiongopi."

"Haiongopi, lakini imechelewa. Wewe umepiga shati likiwa limeshamponyoka."

"Basi tuonyeshe yako."

Nilifungua kifuniko cha nafasi ya kadi mbele yake. Nilijua hamna kitu. Nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba kadi itaota. Nafasi zote mbili tupu, kamera yenyewe ndiyo ile nimekuwa nikimsifia mwezi mzima kwamba haipotezi picha. Bwana Harusi hakunicheka. Akaniambia, "Dada, mimi sikutaka kumfunga mtu." Namwamini. Lakini hakukubali kuja nami hapa kituoni.

Mwenye duka nilimpigia simu kuomba ruhusa. Alinikataza. Alisema, "Wenzako wana picha, wewe una maneno. Utaaibika, na duka litaaibika na wewe." Akaongeza jambo moja ambalo ni la kweli, nami nalisema kabla mtu mwingine hajalisema. Lenzi ndefu ina tabia ya kuwasogeza watu. Mtu aliye nyuma na aliye mbele wanaonekana wamebanana, kumbe kuna nafasi kati yao. Akaniuliza, "Una uhakika gani kama ule mkono ulimfikia?" Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za duka na lile swali. Nilikaa sana. Nilifikiri nikikosea nitamfungulia mlango mtu mwenye hatia, na nikinyamaza watoto wawili wa mtu watalala leo bila mama yao. Jamani, mimi nauza kamera tu, haya yamenikutaje?

Jibu langu ni hili. Lenzi inaweza kuwasogeza watu, lakini haiwezi kuvuta nguo. Lile shati lilivutika. Kama mkono usingemfikia, mshono wa bega ungebaki mahali pake. Na anayesukuma hafumbi vidole. Mimi nimeona alivyofumba.

Afande ameniuliza kwa nini mzee aliyumba. Sijui. Fremu yangu ilianzia mapajani, miguu sikuiona, na sitasema nimeona kitu ambacho sikukiona hata mkinipa chai. Picha ya Bwana Harusi ndiyo yenye miguu, kwa sababu lenzi yake ni pana. Nimeomba niitazame tena hapa mezani. Kwenye sakafu ya roshani, karibu na vyuma, kuna kitu cha rangi ya chungwa kimelala upande. Inawezekana ni ndoo, inawezekana alikuwa amepanda juu yake. Ukikikuza kinageuka uji mtupu, siwezi kukiapia. Nendeni mkakitafute pale juu kabla hakijaondolewa.

Afande ameniuliza tena kama niko tayari kusema haya mahakamani, mbele ya watu wenye picha. Naogopa. Kazi yangu pengine imekwisha leo. Lakini niko tayari.

Na nina ombi moja, naomba liandikwe. Shati lile lilikuwa gumu na yule mzee ana mwili. Mtu hawezi kuponyokwa na uzito ule kwenye vidole vyake akabaki salama. Mmemhoji Mama Pacha, mmempekua, mmemwandika. Je, kuna aliyemtazama mikono? Naomba mtu akaitazame sasa hivi, nikiwa bado nimekaa hapa, kwa sababu nikitoka bila kujua sitalala.

Nimesomewa maelezo haya yote kwa sauti. Niliyoyaona ni hayo, nisiyoyaona nimesema sikuyaona.

(Sahihi ya shahidi)

KUMBUKUMBU YA MPELELEZI

Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu. Kutokana na ombi lake nilikwenda mahabusu nikiwa na askari wa kike. Mtuhumiwa alikuwa amekaa sakafuni, mkono wa kulia ameuficha kwapani. Alipoutoa, vidole viwili vilikuwa vimevimba na havikunjiki, kucha ya kidole cha kati imeng'oka yote, na kwenye damu iliyokauka kulikuwa na nyuzi za bluu. Nyuzi zimehifadhiwa kama kielelezo. Daktari ameitwa. Askari amepelekwa kwenye roshani.

Nilimuuliza kwa nini hakuonyesha mkono huo toka asubuhi. Alijibu: "Nilisema nilimshika. Mkaandika kwamba nimekiri kumgusa. Nikaona bora ninyamaze."

Kisha aliniuliza kama mzee ameshazinduka. Nilimwambia bado. Akaanza kulia, akasema, "Alikuwa mzito, mwanangu. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote."