Usikate Frambuazi Yangu

Baba Godelieve,

Bukari iko mu sufuria, mboga ya sombe iko pa mbabula ya makaa. Mi napanda gari la moshi la Mutshatsha, naenda kwa mama. Jumapili nitarudi.

Asubuhi ulishika panga, ukasema: "Hii miiba inapasua suruali zangu, leo inaisha!" Frambuazi yangu, miaka miwili naimwagilia maji! ~~Kata yote, mi sijali.~~ Hapana, usikate. Ulipoenda kuoga nilichungulia: lile tawi ulilolikanyagia udongoni ukifukuza kuku limeota mizizi. Umenipandia mche wa pili bila kujua! Nimeuchimbua, nampelekea mama.

Mu kikombe cha bati kuna matunda yake meusi, ya kwanza kabisa. Onja. Halafu mwachie Godelieve nusu, kama utaweza.

Bibi yako,
Mama Godelieve