Kifua cha Baba Dirishani

Glasgow, Jumapili mchana

Dada yangu Wakesho,

Kwa huzuni kubwa nakutangazia kifo cha ghafla cha mwiko wangu, uliovunjika wiki iliyopita ukiwa kazini, katikati ya sima. Umeacha sufuria moja, sahani mbili na mimi. Mazishi yalichelewa kwa sababu ya mabishano na jirani kuhusu utupwe kwenye pipa la taka la rangi gani.

Baada ya tangazo hilo, niambie mnaendeleaje hapo Kaloleni, Voi. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Mgongo wa shemeji umepoa? Na Mama huko Wundanyi, bado anapanda ule mlima kwenda kanisani bila fimbo ili watu wamwone? Mimi nipo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ukiwa na Mama simu yako huwekwa spika, na haya si ya spika. Mpe salamu, mengine yakae kwako kwanza.

Unakumbuka ile picha ya wingu jekundu niliyokutumia, ukamwonyesha Mama? Ulinipigia ukicheka. Ukasema aliitazama sana, akavua miwani, akauliza, "Mbona Mwakio amenitumia kifua cha baba yake?" Kufikia jioni akina mama wa jumuiya walikuwa wameshafika kuniombea mapafu. Nami nilicheka. Nataka nikueleze kwa nini niliacha kucheka.

Hapa kazini tunachapa picha kubwa kubwa, na mimi ndiye hukata kingo. Jumba moja la makumbusho liliagiza picha kumi na mbili za anga la mbali, zilizopigwa kwa darubini, ile niliyokutumia ikiwa mojawapo, kila moja ndefu kuliko mlango. Dada, mimi nimezaliwa milimani, mandhari hainibabaishi, lakini hizi zilinishinda. Ni milima mitupu ya vumbi, imesimama bila kuwa na chini. Kingo zake zinang'aa kama moshi wa jikoni uliopigwa na jua, na ndani kabisa kuna nyota changa. Nyingine zimeshatokeza, nyingine bado zimefunikwa, unaona weupe tu unaosukuma kutoka ndani. Vumbi lenyewe ni jekundu, kama lile la Voi linaloingia mpaka kwenye sukari. Moira, mama anayezipanga kwenye kompyuta, akaniambia ile ni nasari ya nyota. Nikafikiria watoto na sweta. Kumbe alimaanisha kitalu, kama kile cha miche ya sukuma cha Mama. Nikamweleza kwamba kwetu kuku akiingia kitaluni, basi. Akasema huko hakuna kuku, ila upepo upo, tena mkali. Tangu hapo nikawa nasoma kila maelezo tunayochapa chini ya picha, na neno nisilolijua namwuliza. Sasa najua mengi yasiyomsaidia mtu yeyote.

Siku moja nikamwuliza kama mtu akifika huko ataziona rangi zile. Akacheka, akabonyeza kitu, rangi zote zikaondoka. Akasema picha hufika kutoka kwenye darubini ikiwa ya kijivu, rangi hutiwa baadaye ili hewa hii itofautiane na ile. Nikabaki nimeshika wembe. Maana bila rangi, Dada, ile ilikuwa dirisha la jikoni kwa Mama.

Unajua ninachosema. Kile kioo kilichovunjika, ambacho Baba alikiziba kwa picha yake ya eksirei. Miaka minane Mama anapika mbele ya kifua kile, jua la asubuhi likipita katikati ya mbavu na yale mawingu meupe juu kulia. Sisi tulizoea, hatukukiona tena. Mama alikuwa anakisoma.

Baada ya hapo kazi ikawa ngumu. Nikiwa nakata, mashine huwa nyuma yangu. Ikimaliza kuchapa hutoa pumzi ndefu, halafu kikohozi kidogo kikavu, halafu kimya, kama Baba akimaliza kupanda ngazi za mlangoni. Nilikuwa nageuka kila mara. Siku moja niligeuka nikakuta mashine imezimwa. Aliyekohoa ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili ya kukohoa na sikukuambia. Mshipi nimeutoboa tundu jipya. Nilisema ni baridi ya huku, maana huku baridi hukubali kulaumiwa kwa kila kitu. Basi nikaenda hospitali, wakanipiga picha, wakachukua makohozi, wakaniambia nirudi Alhamisi kwa majibu.

Alhamisi nilisimama kituoni nikaacha mabasi mawili yapite. Nilikuwa namfikiria Baba. Naye aliambiwa arudi kwa majibu, Jumatatu. Jumatatu ile akachukua nyundo, mimi nikamshikia misumari, akaziba dirisha. Akasema, "Majibu nayajua. Miaka yote hii nimechimba vito vya kijani vya watu migodini. Ni vumbi, na vumbi halina dawa." Unakumbuka tulivyolisema neno hilo matangani? Tulisema mzee alikuwa jasiri.

Basi la tatu nikapanda.

Daktari ni msichana, mdogo kuliko wewe. Akaweka picha yangu kwenye mwanga. Nikwambie jambo la aibu: ilikuwa nzuri. Wingu dogo juu kulia, kingo laini, weupe unasukuma kutoka ndani, kama kitu kinachojiandaa kuzaliwa. Ningeikata vizuri sana. Akasema ni TB, akarudia polepole akidhani Kiingereza kimenishinda. Kifua kikuu, kama wanavyosema redioni. Akasema mdudu wake anaweza kulala kifuani miaka na miaka kabla ya kuamka. Kwa hiyo nilimleta kutoka nyumbani, na yeye hakuombwa viza.

Nikamwuliza kama mtu wa migodini, mwenye wingu kama hili upande huu huu, wingu lake linaweza kuwa vumbi tu. Akasema hawezi kumsemea asiyempima. Lakini mawingu hayo hufanana kwenye picha, ndiyo sababu huchukuliwa makohozi, na ndiyo sababu mtu huambiwa arudi.

Nilikuwa nahesabu misumari niliyomshikia Baba.

Mpeleke Mama mkapimwe kifua, wewe na yeye. Mwambie ni mambo ya presha, atakubali, presha anaiheshimu. Dirisha liache lilivyo. Akiniulizia, sema Mwakio yupo na anakula.

Msalimie shemeji na mgongo wake. Msalimie mjomba Mwadime, katekista wetu, ambaye matangazo yake ni marefu kuliko mahubiri ya padri. Shangazi Mghoi akishuka kutoka Chala na ndizi zake, mwambie shati alilonishonea bado lina vifungo vyote, ila limekuwa kubwa. Watoto wako waambie nitawaletea picha moja ya nyota, yenye rangi.

Ni mimi mdogo wako, mkata kingo,
Mwakio

Nyongeza: Vidonge ni vya miezi sita, na huku havilipiwi. Nilimpigia yule rafiki yangu anayefanya kazi kwenye dispensari hapo Voi, nikamwuliza huko ni bei gani. Akasema ni bure, na vilikuwa bure hata mwaka ule wa Baba.